Bomba likivuja kwenye nyumba ya kupanga Tanga: nani atengeneze, nani alipe, na hatua zenyewe

Maji yakianza kuonekana chini ya ukuta wa bafu la uani, neno la kwanza kusikika nyumbani huwa "nani atalipa?" Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mpangaji anamngoja mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema wapangaji wameharibu, na bomba linaendelea kumwaga. Yako maswali matatu ya kujibu kwanza: maji yanatoka wapi hasa, tangu lini, na kitu gani kimeharibika. Ukiwa na majibu ya hayo matatu, mlipaji mara nyingi anajulikana bila kubishana. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kwa nyumba za kupanga za Tanga mjini, kuanzia nyumba za vyumba sita zenye korido na uani wa pamoja kule Ngamiani na Makorora hadi nyumba za kujitegemea za Raskazone.

Funga kwanza

Kila anayelala ndani ya nyumba ajue koki ya kufungia iko wapi. Karibu na mita kwa kawaida kuna valvu mbili. Ile iliyo kabla ya mita ni ya mamlaka ya maji, usiiguse. Ile iliyo baada ya mita, upande wa nyumba, ndiyo ya kufunga. Ifungue na kuifunga mara moja kila miezi mitatu, kwa sababu geti valvu isiyoguswa miaka miwili hukwama, na ukiilazimisha siku ya dharura shina lake hukatika. Hapo utakuwa na mivujo miwili.

Maji yakiwa yanadondoka karibu na taa, swichi au soketi, zima umeme wote kwenye swichi kuu kabla ya kutafuta ndoo. Usikanyage sakafu iliyolowa kwenda kuizima. Kama huifikii kwa pakavu, toa watu nje na piga simu ya dharura ya TANESCO.

Nyumba yenye tenki ina kazi mbili: kufunga mita na kufunga bomba linaloshuka kutoka kwenye tenki. Wengi hufunga mita tu, wakashangaa maji hayakomi. Lita 1,000 zilizo juu ya mnara zitaendelea kushuka mpaka ziishe.

Pima kwa mita

Mita ndiyo shahidi asiyependelea mtu. Kwenye mita nyingi za mshale, tarakimu nyeusi ni uniti, yaani mita za ujazo, na uniti moja ni lita 1,000. Tarakimu au vimshale vyekundu ni sehemu za uniti. Pia kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu: kikizunguka wakati koki zote zimefungwa, maji yanapita mahali.

Fanya hivi usiku watu wakishalala, au alfajiri kabla hawajaamka:

1. Funga koki zote, na uwaombe wenzako wasitumie choo cha kuflashi.
2. Funga bomba linaloingia kwenye tenki, la sivyo utapima maji yanayojaza tenki.
3. Piga picha ya mita, saa ionekane.
4. Ngoja saa mbili. Piga picha nyingine.
5. Kama namba imesogea, funga valvu iliyo baada ya mita, ngoja dakika 15, angalia tena. Ikisimama, mvujo uko upande wa nyumba. Ikiendelea kuzunguka, valvu yenyewe haifungi vizuri au mita ina kasoro, na hapo ndipo pa kuwaita Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga.

Tuseme saa 1:00 asubuhi mita ilisoma 412.350 na saa 3:00 ikasoma 412.386. Zimepita lita 36 kwa saa mbili, sawa na lita 18 kwa saa, lita 432 kwa siku, karibu uniti 13 kwa mwezi. Zidisha hizo 13 kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye bili yako. Mwenye nyumba aliyekuwa anasema "ni kamvujo kadogo" akiona hesabu hiyo huinuka.

Kwa koki inayodondoka huna haja ya mita. Weka kikombe cha mililita 250 chini yake. Kikijaa kwa dakika kumi, unapoteza lita 36 kwa siku, zaidi kidogo ya uniti moja kwa mwezi. Choo kinachochirizika ni kibaya zaidi kuliko kinavyoonekana: chupa ya nusu lita inayojaa kwa dakika mbili ni lita 360 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi, na hakuna hata tone moja sakafuni.

Tafuta tundu lilipo

Mara nyingi tundu haliko pale maji yanapoonekana. Maji hufuata bomba, nondo na nyufa za sakafu, yakajitokeza mita mbili tatu mbele. Kwa hiyo usimruhusu fundi avunje vigae kwa kukisia.

Anza na choo, kwa sababu ndicho mwizi wa kimyakimya. Mimina pakiti ya juisi ya unga yenye rangi kali kwenye tenki la flashi, usiflashi kwa nusu saa, halafu angalia bakuli. Rangi ikishuka, mara nyingi mpira wa chini wa flashi haufungi. Lakini angalia na boya: likikaa juu mno, maji humwagikia kwenye bomba la kupunguzia.

Kisha tenki la juu. Boya la tenki huharibika polepole, na kufurika kwake huonekana zaidi usiku, kwa sababu watu wakilala presha ya mtaani hupanda. Ukuta wa mnara ukiwa na ukungu wa kijani upande mmoja na asubuhi chini kumelowa, usihangaike na mabomba ya ndani kabla hujaliangalia boya.

Ukuta wenye unyevu unahitaji uangalifu mkubwa hapa pwani. Nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu wa ardhini na kutoa chumvi nyeupe bila bomba lolote kupasuka. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 kwa gundi ya tepu pande zote nne, kiache siku nzima. Majimaji yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua dirisha. Sasa tofautisha bomba na ardhi: unyevu wa ardhini huanzia chini na kupanda kwa usawa mmoja ukuta mzima, hupungua kiangazi na kuongezeka masika. Unyevu wa bomba hukaa kama doa, hauchagui msimu, na ukifunga mita siku mbili huanza kupungua.

Bomba lililo chini ya uani hujionyesha kwa udongo laini, majani mabichi mahali pamoja, au kuku wanaopenda kuchakura sehemu ileile. Fukua kwa mikono ukikaribia bomba. Poli paipu nyingi (mabomba ya plastiki yanayopindika) hupasuliwa na sululu ya mtu aliyekuwa akitafuta tundu dogo.

Mvujo wa chini ya ardhi una hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na huvuta. Tundu lile lile lililokuwa likitoa maji safi huanza kuingiza matope yaliyolizunguka, na kama shimo la choo liko jirani, huingiza na yaliyomo humo. Maji yakirudi, ya kwanza yanaingia kwenye ndoo ya kunywa. Ndiyo maana bomba la uani linalovuja karibu na shimo la choo si la kungoja kodi ijayo, hata kama bili haijapanda sana. Mpaka litengenezwe, chemsheni maji ya kunywa.

Nani anawajibika

Kuanzia bomba la mtaani hadi mita, pamoja na mita yenyewe, ni ya mamlaka. Mvujo hapo mtu yeyote anaweza kuutolea taarifa, mpangaji hahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Usiifungue mita wala kukata lakiri yake; kuichezea ni kosa kisheria hata kama nia ni njema.

Baada ya mita ni mambo ya nyumbani, na hapo Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ndiyo inayozungumza. Kifungu cha 88 kinamwekea mwenye nyumba masharti ambayo yanahesabiwa yamo hata kama mkataba wenu haukuyataja. Mawili yanahusu maji moja kwa moja. Panapopangishwa sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu, na sehemu na vifaa vya matumizi ya pamoja. Na chumba au nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Chumba ambacho ukuta wake unatiririka maji hakifai.

Kifungu cha 89 kinamgeukia mpangaji. Anatakiwa atunze jengo na alirudishe katika hali aliyolikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na maafa yasiyotokana na uzembe wake. Pia amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa saa zinazofaa.

Tukiyashusha hayo mpaka uani: bomba la ndani ya ukuta au chini ya sakafu lililopasuka kwa uzee ni la mwenye nyumba. Tenki, boya lake na mnara ni vyake. Koki ya uani inayotumiwa na wapangaji wanne ni kifaa cha pamoja, kwa hiyo hata washa yake (kile kimpira cha ndani kinachozuia maji) ni juu ya mwenye nyumba, ingawa kwa mazoea wapangaji huchanga. Ndani ya chumba au nyumba unayotumia peke yako, mazoea ya mji ni kwamba mpangaji anabadilisha vitu vidogo vinavyoliwa na matumizi, kama washa ya koki, mpira wa flashi na kichwa cha bomba la mvua. Hayo ni mazoea tu. Kama mnataka yawe sharti, yaandikeni.

Mpangaji analipa alichoharibu yeye, watoto wake au wageni wake: sinki lililong'olewa kwa kuegemewa, msumari wa rafu uliotoboa bomba la ndani ya ukuta. (Usipigilie kitu ndani ya sentimita 15 kushoto au kulia kwa mstari unaopanda wima juu ya koki, mara nyingi bomba limepita hapo.) Na liko kosa moja la kila wiki kwenye mji wenye mgao: maji yanakatika, mtu anafungua koki kuangalia, anaiacha wazi, anakwenda kazini. Maji yanarudi saa tano na kufurika hadi vyumbani. Hilo si mvujo, ni uzembe, na godoro la jirani lililolowa ni deni lake aliyeiacha wazi.

Penye utata, kifaa kilichotolewa ndicho kinachosema. Mwambieni fundi asikitupe. Washa iliyozeeka ina mduara uliozama katikati na imekuwa ngumu kama kifungo cha shati. Haikuharibiwa na mtu. Bomba la chuma lililochoka lina kutu ndani na nje, na ukilikwangua kwa bisibisi linamomonyoka. Lakini shina la koki lililokatika likiacha uso mpya unaong'aa limelazimishwa, na elbo ya plastiki iliyopasuka kwa urefu karibu kila mara imekazwa kupita kiasi na fundi.

Toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi

Mpangaji anayenyamaza anajitia hatiani kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kuanzia siku uliyoona, kila siku ya ukimya inaanza kuwa yako. Piga simu kwanza, hiyo ni adabu, kisha tuma ujumbe, kwa sababu simu haiachi alama. Ujumbe wa kutosha ni huu:

"Shikamoo mama. Leo Jumanne tarehe 4 alfajiri tumeona maji yanatoka chini ya ukuta wa bafu la uani, upande wa barabarani. Tumepima mita koki zote zikiwa zimefungwa: saa 1:00 ilisoma 412.350, saa 3:00 ikasoma 412.386. Sasa tumefunga maji, tunafungua asubuhi na jioni tu. Picha nimekutumia. Tunaomba fundi afike kesho. Ukipenda tumtafute sisi, naomba utuandikie hapa kiasi ambacho tusikipite na kama tutakata kwenye kodi. Ahsante mama."

Hauna lawama, una namba, na unamwachia uamuzi. Kama mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam au nje ya nchi na kuna msimamizi, tuma kwa wote wawili. Dalali aliyekuonyesha chumba si msimamizi, isipokuwa kama ameandikwa hivyo kwenye mkataba.

Mwenye nyumba naye ajibu kwa maandishi, hata kwa mstari mmoja: "Marahaba mwanangu. Fundi anakuja kesho saa 4, gharama juu yangu." Mstari huo unazuia ugomvi wa mwaka mzima.

Muda gani ni wa haki? Pendekezo letu, na linafaa kuandikwa kwenye mkataba: maji yanayogusa umeme, bomba lililopasuka, au mvujo karibu na shimo la choo, ndani ya saa 24. Mvujo unaozuilika kwa kufunga valvu, siku 3. Koki inayodondoka na boya bovu, siku 7.

Kodi ya miezi sita na pesa ya fundi

Hapa ndipo miongozo ya kwingine isipotufaa. Nyingi zinadhani kodi hulipwa kila mwezi na kuna pesa ya dhamana imewekwa. Kwetu kodi imelipwa miezi sita au mwaka mbele, na mwenye nyumba ameshanunulia mabati au ada ya shule. Bomba likipasuka mwezi wa pili, ni kweli hana. Kwa hiyo matengenezo mengi hufanywa na mpangaji kwa makubaliano ya kukata kwenye kodi ijayo, na makubaliano hayo huvunjika kwa sababu yalifanywa kwa mdomo.

Yafanye hivi. Pata bei kwa mafundi wawili, kila mmoja atenganishe vifaa na ufundi. Tuma bei zote kwa mwenye nyumba. Pata "sawa" yake yenye kiasi. Nunua vifaa mwenyewe pamoja na fundi, chukua risiti ya EFD. Piga picha kabla ya kufukia, kazi ikiwa wazi. Andika karatasi moja: tarehe, kilichoharibika, vifaa na bei, ufundi na jina la fundi, jumla, na maneno "kiasi hiki kitakatwa kwenye kodi inayoanza tarehe fulani". Saini mbili, nakala mbili.

Usizuie kodi kwa hasira bila makubaliano. Kutolipa kodi kunampa mwenye nyumba sababu halali ya kuvunja mkataba, na hoja yako nzuri ya bomba inazama. Mwenye nyumba naye asikate maji ya wapangaji au kung'oa mlango ili wahame. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu, na anayevunja haki hiyo anaweza kujikuta yeye ndiye mdaiwa barazani.

Kazi yenyewe, na inakoharibikia

Koki inayodondoka. Funga valvu, fungua koki imalizie maji. Fungua kichwa kwa spana huku mkono mwingine umeshika mwili wa koki, la sivyo utageuza elbo iliyo ndani ya ukuta na kuzalisha mvujo mpya. Badilisha washa ya nusu inchi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye kitako ambacho washa inakalia: kikiwa na mikwaruzo, washa mpya italiwa ndani ya wiki chache, bora ubadilishe koki nzima. Koki za robo mzunguko hazina washa. Hubadilishwa kichwa chote.

Penye nyuzi, zungusha tepu nyeupe mara 8 hadi 12, ukifuata upande wa kukaza. Ukiizungusha kinyume, inajikunja na kutoka wakati unafunga. Plastiki ikaze kwa mkono halafu robo hadi nusu mzunguko kwa spana, basi.

Poli paipu ya uani. Kufunga tundu kwa tyubu ya baiskeli ni huduma ya kwanza ya siku moja au mbili. Ukiifukia hivyo, umezika mvujo. Kata kipande kibovu kwa msumeno wa chuma, kata iwe wima. Mkato wa mshazari haukai kwenye mpira wa kiungo. Ondoa manyoya kwa kisu, weka alama ya kina cha kuingia, sukuma mpaka alama ifike, kaza. Utahitaji viungo viwili vya kubana vya ukubwa wa bomba lako na kipande kipya kirefu zaidi kidogo ya kilichokatwa, kiingie bila kuvutwa. Mtaro uwe na kina cha sentimita 45 angalau, na 60 panapopita gari au pikipiki. Ardhi yetu ina mawe ya matumbawe makali kama wembe: weka mchanga laini sentimita 10 chini ya bomba na 10 juu yake kabla ya kurudisha udongo. Usifukie siku hiyo hiyo. Acha wazi usiku mmoja wenye presha, asubuhi pitisha kitambaa kikavu kwenye viungo.

PPR, bomba gumu la plastiki la ndani ya ukuta, huunganishwa kwa moto wa nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, huingizwa bila kuzungusha na kushikwa lisitikisike, kisha huachwa dakika mbili tatu lipoe. Maji yakiwa bado yanachirizika ndani ya bomba, kiungo hakishiki, kitavuja baada ya wiki. Fundi anayesema "haina neno, ni matone tu" mwambie angoje.

PVC ya maji machafu: futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, ingiza ukizungusha robo, shika nusu dakika. Usimwage maji kabla ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Bomba la chuma kwenye hewa ya chumvi: ukibadilisha kipande kimoja, kilichobaki kina umri uleule, na spana ya leo inatikisa uzi wa mita nne mbele. Kama bomba la chuma limeshavuja mara mbili, mwenye nyumba atapata nafuu akilibadilisha lote, kuliko kumlipa fundi kila baada ya miezi michache.

Ukuta uliofunguliwa usipigwe plasta haraka. Upe wiki mbili hadi nne ukauke, vinginevyo rangi itavimba na watu watadhani bomba limevuja tena.

Paa ni habari fupi. Ni la mwenye nyumba. Likaguliwe Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei: misumari iliyolegea, mipira iliyopasuka, mifereji ya bati iliyojaa majani. Mpangaji asipande kujizibia na lami bila ruhusa; mguu wake ukitoboa bati lenye kutu, ubishi unaanza upya.

Bili iliyopanda

Chukua bili tatu kabla ya mvujo, tafuta wastani. Tuseme nyumba hutumia uniti 18 kwa mwezi, na sasa imekuja 31. Ziada ni 13. Lililovuja ni bomba la chini ya ardhi, mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo mwanzo wa hesabu ni kwamba 13 ni zake. Lakini wapangaji waliona maji tarehe 10 wakasema tarehe 20. Siku kumi kwa lita 432 ni uniti 4.3; hizo wagawane wao. Zinabaki 8.7 za mwenye nyumba. Kama aliambiwa tarehe 20 akaleta fundi tarehe 30, siku hizo kumi hana wa kumtupia.

Uniti 18 za kawaida mnagawana kama siku zote. Kwenye mita moja ya pamoja, kugawa kwa idadi ya watu ni haki kuliko kwa vyumba. Mtu mmoja asilipe sawa na familia ya watu sita. Andikeni namba ya mita kila tarehe mosi kwenye karatasi iliyobandikwa koridoni. Mvujo utaonekana ndani ya mwezi, na hakuna atakayesema hakujua.

Lipeni bili huku mkijadiliana. Maji yakikatwa wanaoumia ni watoto. Kama mnaamini mita imekosea, andikeni ombi la kupimwa mita kwa mamlaka. Msiporidhika na jibu, lalamiko huenda EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati.

Mkishindwa kuelewana

Mjumbe kwanza, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Mengi huishia hapo, hasa ukienda na picha za mita badala ya maneno. Ikishindikana, Baraza la Kata hupatanisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni usuluhishi, haitoi hukumu. Ikipita siku 30 bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Beba mkataba, ujumbe uliotuma, picha zenye tarehe, risiti na kile kifaa kibovu.

Maneno ya kuweka kwenye mkataba

"Mwenye nyumba atatengeneza mabomba ya ndani ya ukuta na ardhini, tenki, paa na vifaa vya pamoja. Mpangaji atabadilisha washa, mpira wa flashi na kichwa cha bomba la mvua katika sehemu anayotumia peke yake, na atalipia uharibifu aliousababisha. Mpangaji atatoa taarifa ya mvujo ndani ya saa 24. Mwenye nyumba asipotuma fundi ndani ya saa 24 kwa mvujo wa hatari, siku 3 kwa unaozuilika kwa valvu, au siku 7 kwa koki na boya, mpangaji anaweza kutengeneza kwa gharama isiyozidi Sh ........ na kuikata kwenye kodi ijayo kwa risiti."

Siku ya kukabidhiana funguo, wote wawili mfungue kila koki, mflashi kila choo, mjaribu valvu ya mita, na mpige picha ya mita. Namba hiyo iandikwe kwenye mkataba karibu na saini. Siku ya kuhama msome tena pamoja, mpangaji akiwa bado hajapakia vyombo.